Ukitoa Faili, Toa na Vipimo Vyake

Kumrushia mwenzio faili la mchoro si kazi. Unabonyeza, limekwenda. Kazi ni kulitoa likamfaa, na hapo ndipo tunapofyonya kila siku hapa kijiweni Wingwi, Pemba, maana watoaji ni wengi lakini wanaotoa vilivyo ni wachache.

Kijana wetu mmoja, seremala wa milango na makabati, kaletewa faili la nakshi ya paneli ya mlango. Kapewa bure, tena kwa nia njema. Kalipeleka Unguja kwa mtu mwenye mashine ya CNC, ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, pamoja na ubao wake wa mfenesi aliouanika bandani msimu mzima mpaka ukaacha kutoa maji. Ubao umekatwa, umepanda meli, umeshuka bandari ya Mkoani, umekuja na gari mpaka huku kaskazini umefungwa gunia. Alipoufungua hapa barazani, Ami mmoja aliyeshika patasi tangu ujanani kapitisha kidole gumba juu ya nakshi, halafu kafyonya mfyonyo mrefu hata waliokuwa wakinunua mkate upande wa pili wa barabara wakageuka.

Maua yameliana. Petali ya ua hili imeingia ndani ya petali ya lile. Ule ukingo mwembamba unaotakiwa ubaki baina yao, ndio unaoshika kivuli na kuifanya nakshi ionekane ukiwa mbali, haupo. Mnyororo wa pembeni, badala ya pete kushika pete, umekuwa mfereji mmoja mrefu.

"Mashine mbovu hiyo," kasema mmoja.

Mashine si mbovu. Imefanya ilivyoambiwa, na ndilo jambo ninalotaka watu walielewe. Alichotumiwa kijana hakikuwa mchoro, kilikuwa jikodi, yaani orodha ya amri ambayo mashine huisoma mstari kwa mstari: nenda kulia mpaka milimita 25, sogea mbele mpaka 40, zama 3, kwa mwendo kadhaa. Utaratibu huu wa kuiongoza mashine kwa namba ni wa zamani. Pale MIT, Marekani, walionyesha mashine ya namna hii mwaka 1952, amri zake zikiwa matundu kwenye utepe wa karatasi. Ukifungua jikodi huoni ua wala petali. Unaona namba za njia aliyopitisha biti yake, kile kisu kinachozunguka, mtu mwengine, kwenye mbao nyengine, mezani kwake.

Huyo mtu mwengine alitumia biti ya ncha, ile yenye umbo la V, ya nyuzi 60. Mwenye mashine wa Unguja anayo ya nyuzi 90. Hesabu yake si ngumu. Mfereji wenye upana wa milimita 6 kwa juu, ukichongwa na biti ya nyuzi 60, unazama milimita 5 na kidogo. Ukichongwa na ya nyuzi 90, kwa upana uleule, unazama 3 tu. Sasa jikodi inaamuru kuzama 5 na kidogo, biti ni ya 90, basi mfereji unafunguka juu mpaka milimita 10 na ushei. Hapo petali zitakosaje kuliana? Laiti aliyetuma angeandika maneno matatu, "biti nyuzi 60", ubao ungesalimika. Na laiti angetuma mchoro wenyewe, mwenye mashine angetengeneza jikodi yake kwa biti yake na asingehitaji kumuuliza mtu.

Mwalimu mmoja wa skuli, mtu ninayemheshimu, akatupinga. "Kapewa bure huyu. Mtu hakudaiwa hata senti, leo mnamsema barazani?"

Mwalimu, tutamsema, na hatumsemi kwa chuki. Ubao wa mfenesi ulionyooka, usio na fundo wala ufa, hauokotwi njiani. Nauli ya kuupeleka na kuurudisha ni pesa. Mwenye mashine kalipwa saa zake. Kitu kilichotoka bure kwa mtoaji kimemgharimu mpokeaji, na aliyeumia ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo huo. Mtu anayemiliki karakana kubwa akiharibu ubao anachukua mwengine. Huku kwetu kuharibika ubao mmoja ni mwezi kurudi nyuma.

Wapo waliotoa wakajua kutoa. Mwitaliano mmoja, Enzo Mari, mbunifu wa vyombo vya nyumbani aliyefariki Milano mwaka 2020, mwaka 1974 alitoa michoro 19 ya meza, viti, vitanda na kabati, vyote vya mbao za kawaida na misumari. Ukimpelekea gharama ya posta, anakupelekea michoro. Michoro ilikuwa na vipimo vyote, kila kipande na urefu wake, kiasi kwamba mtu asiye seremala akiwa na msumeno na nyundo anajenga. Aliweka na sharti mapema: mtu yeyote ruhusa, isipokuwa viwanda na wafanyabiashara. Akaomba waliojenga wampelekee picha za walichojenga, hasa wale waliobadilisha mchoro wake. Napenda sana hilo la kubadilisha. Alitaka mtu ajifunze kwa mkono wake, kwa hiyo akampa kitu kinachoweza kugeuzwa.

Na hizi mashine ndogo za majumbani, zile zinazoitwa 3018 kwa sababu meza yake ni sentimita 30 kwa 18, zinazomwezesha kijana kuchonga kibao cha jina la duka au mfuniko wa kisanduku cha uturi, nyingi kati yake zinaendeshwa na programu ya Grbl. Aliyeianzisha ni Simen Svale Skogsrud wa Norway, na aliitoa mwaka 2009 bure kabisa pamoja na msimbo wake wote ili anayetaka kuurekebisha aurekebishe. Wengine wakaupokea, wakaufanyia kazi, ukawa bora zaidi. Angetoa programu iliyofungwa, ingekufa na kompyuta aliyoiandikia. Norway hiyohiyo ilisaidia kulipia waya uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, ukatuletea Wapemba umeme wa gridi mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na seremala wa huku alikuwa akipanga kazi kwa kuuliza kwanza kama umeme upo. Leo umeme tunao, japo unapopwaya mashine ikiwa katikati ya kazi, moyo unakwenda mbio. Kwa hiyo vitu viwili vya lazima, umeme na ubongo wa mashine, vimeshatufikia. Kilichobaki ni michoro, na michoro ndiyo tunayonyimana au tunapeana nusu.

Nikisema nusu nina maana ya mambo ninayoyaona kwa macho. Kuna mtu anatuma picha ya mlango iliyopigwa kwa simu, kaipiga kwa pembeni, akaiita faili. Picha si faili. Mlango wa picha hiyo umepinda, juu mwembamba kuliko chini. Mwenye kuipokea anaipitisha kwenye programu inayofuatisha mistari yenyewe, na kila duara linatoka limevunjwa vipande mia kadhaa vya mistari mifupi. Mashine ikilifuata duara hilo inatetemeka, inasita, inaacha meno kwenye ukingo, halafu mtu anakesha na msasa. Duara lililochorwa kuwa duara ni amri moja tu.

Kuna na hili la inchi. Faili za DXF, ambazo kampuni ya Autodesk ilizileta pamoja na programu yake ya kuchorea ya AutoCAD mwaka 1982 na bado ndizo zinazotembea sana baina ya mafundi, mara nyingi hubeba namba bila kusema ni namba za nini. Mmarekani kachora kwa inchi, kaandika 18. Wewe mashine yako inasoma milimita. Paneli iliyotakiwa kuwa na upana wa karibu nusu mita inatoka na upana wa kidole. Hilo angalau linaonekana mapema, unacheka, unazidisha kwa 25.4, unaendelea. Baya ni kosa dogo lisiloonekana.

Mfano wake ni plaiwudi. Dukani unaambiwa milimita 18. Ipime kwa kalipa, utakuta 17 na nusu, pengine pungufu ya hapo, na kila shehena na unene wake. Mtu kachora kiti cha vipande vinavyoingiliana bila msumari, tundu kalifanya 18 kamili kwa ubao wake, na wewe ubao wako ni mwembamba. Kiti kinacheza. Mtoto akikaa kinalia. Mchoraji mzuri haandiki 18 mahali hamsini. Anaweka unene mahali pamoja, pakibadilishwa hapo matundu yote yanafuata. Na anakumbuka kona za ndani. Biti inayozunguka ni ya duara, haiwezi kuchonga kona ya ndani ikawa kali, inaacha mviringo mdogo, na ulimi wa kipande kingine wenye kona kali haukai mpaka mwisho. Kwa hiyo mchoraji anaongeza kijiduara pale konani, kidogo tu, ili ulimi upate pa kupumulia. Asipokiweka, basi aandike: kona zimaliziwe kwa patasi. Ami wetu alipoelezwa hilo akachangamka sana. Akasema kumbe patasi bado ina kazi. Nikamwambia Ami, ina kazi kuliko unavyodhani.

Maana huyu Ami ndiye aliyeleta hoja nzito kuliko zote. Alisema: "Sisi hatukupewa. Mimi nimekaa kwa bwana wangu nikifagia maranda ya mbao, nikinoa, nikiranda, na karatasi za nakshi anazikunja anaweka ndani. Mchoro ukiutoa ovyo, kila mtu fundi, na fundi atakula nini?"

Swali hilo halijibiwi kwa kufyonya. Fundi aliyeficha karatasi yake alikuwa akilinda chakula cha watoto wake, na alikuwa na haki. Lakini tuangalie kilichotokea. Karatasi zilizokunjwa zikawekwa ndani zililiwa na mchwa. Mafundi wengine walifariki bila kumwachia mtu, watoto wao wakaenda kuvua, wakaenda kulima karafuu, wakaenda Unguja na Dar es Salaam. Nakshi zilizobaki ni zile zilizotembea.

Na zilitembea mbali. Milango ya pwani yetu haikuzaliwa mahali pamoja. Ile ya zamani ya Unguja ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Baadaye karne ya 19 ikaingia ile ya juu nusu duara, yenye mkono wa Kihindi ndani yake, na nyengine za Kigujarati zenye paneli za mraba. Kule kaskazini mwa pwani, Siu na kwa Wabajuni, wana nakshi yao ya kukata kwa pembe, mistari na nyota, haifanani na maua ya Unguja. Lamu mpaka leo wanachonga. Yupo fundi aliyetoka Kutch au Oman na kumbukumbu ya ua kichwani, akakuta mti wetu, akakuta mwenyeji mwenye fikra zake, wakachanganya. Judith Aldrick aliandika utafiti juu ya milango hiyo mwaka 1990, na Mwalim A. Mwalim akaandika kitabu kizima juu ya milango ya Zanzibar mwaka 1998, kikiwa na picha za Uwe Rau. Ukiviangalia unaona wazi kwamba hakuna fundi aliyeanza na karatasi tupu. Kila mmoja alipokea, akageuza, akapitisha.

Ninachokitetea mimi ni kuwa jina lipite pamoja na mchoro. Leo mtu aliye mbali anakaa na kompyuta, anachukua picha ya mlango wa Mji Mkongwe, anaufanya faili, anauuza kwa dola kwa jina la "mlango wa Kiarabu" au "mapambo ya Afrika", na kijana wa Wingwi ananunua nakshi ya babu yake bila kujua kuwa ni yake. Hilo linaniuma kuliko ubao ulioharibika. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, nayo inamfaa mchongaji aliyebuni nakshi yake leo. Lakini ua la karne ya 19 halina mwenyewe wa kwenda mahakamani. Linalolilinda ni sisi kulichora vizuri kabla, tukaandika limetoka mlango gani, mji gani, mti gani, na tukalitoa wazi ili asiwepo wa kudai kuwa kalizua yeye.

Na tufanye haraka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Watu walipoteza maisha. Ikiwa jumba mashuhuri kiasi hicho linaweza kuanguka mchana, vipi milango ya nyumba za kawaida za Wete na Chake Chake, ambayo hakuna mtalii anayeipiga picha? Mvua za masika zinaingia, mchwa hawapumziki, mwenye nyumba anahama, mrithi anataka mlango wa chuma wenye kitasa kipya. Siwezi kumlaumu, mlango wa chuma unafungika. Lakini kabla ya ule wa mbao kung'olewa kwenda kuwa kuni, mtu na apite.

Kupita huko hakuhitaji mashine. Unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, kwanza kabisa, uombe kwa adabu na umwambie utafanya nini. Unahitaji utepe wa kupimia, karatasi kubwa na kalamu ya mkaa. Unabandika karatasi juu ya nakshi, unasugua mkaa taratibu, petali zinajitokeza zenyewe kwa kipimo chake halisi. Unapima kina kwa kijiti chembamba kilichotiwa alama. Unapima mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mahali milango miwili inapokutana, unapima miimo ya pembeni. Halafu unapiga picha ukiwa umesimama sawasawa mbele, na rula imelala kando ya nakshi. Kwenye kompyuta, Inkscape ni programu ya bure na inatosha kabisa. Unachora petali moja vizuri, kwa mikunjo michache iliyotulia, unaizungusha. Usiku mmoja au miwili, paneli imekamilika.

Kijana wa ubao wa mfenesi kashaanza. Ami anakaa naye, anamwonyesha wapi mchongaji wa zamani alizamisha patasi na wapi aliinyanyua, jambo ambalo karatasi ya mkaa haisemi. Anamwambia petali ya kweli haina kina kimoja, inaanza juu inashuka kuelekea kitovu, na mashine ikichonga kina kimoja kote ua linakuwa kama limepigwa muhuri. Kijana anaandika hayo maneno ndani ya faili lenyewe, pembeni ya mchoro: biti gani, mti gani, unene gani, kina kinaanza wapi kinaishia wapi, mlango ulipo, na jina la mzee aliyemweleza. Ameniambia atalituma hivyohivyo kwa yeyote atakayeuliza, mchoro kwanza, jikodi baadaye kama itahitajika.

Bado tunabishana juu ya pesa, na ubishi huo ni wa haki. Ami anataka mtu mwenye karakana ya kukata milango kumi kwa wiki alipe kitu. Mwalimu anataka kiwe bure kwa wote. Mimi nasema nakshi ya mlango wa kale itoke bure na jina lake, na ile ambayo kijana ameibuni kwa kichwa chake aiuze akitaka, ilimradi bei na sharti aviandike juu kabisa, mbele ya mchoro, mnunuzi avione kabla hajafungua. Na mwenye kulipa apewe kila kitu: mchoro unaobadilika, vipimo, biti, na namba ya simu ya kuuliza pale ubao wake utakapokuwa mwembamba kuliko ilivyoandikwa.